Muulize Daktari: Kivuli kwenye ini, kabla hakijaitwa saratani

Tangu tulipochapisha makala kuhusu sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu) kwenye mahindi, barua nyingi zinazofika hapa zinahusu ini. Nimechagua tano. Karibu zote zina kisa kimoja: mtu amepigwa picha, kumeonekana uvimbe, na neno "kansa" limetamkwa kabla vipimo havijakamilika. Kazi yangu ni patholojia. Kile kinyama chembamba kinachotolewa kwa sindano huja kwangu, nami hukisoma chini ya hadubini. Siwezi kumwambia mtu ugonjwa wake kupitia gazeti, lakini naweza kueleza ningeuliza nini kama ripoti hizi zingewekwa mezani pangu.

Daktari, nina miaka 36, nauza mitumba Gikomba na naishi Umoja na watoto wangu wawili. Tumbo lilikuwa likinisumbua baada ya kula, wakadhani ni mawe kwenye nyongo, nikapigwa ultrasaundi. Mawe hayakuonekana, lakini kulikuwa na uvimbe wa sentimita 6 kwenye ini. Nikatumwa CT. Ripoti inasema uvimbe unanyonya haraka dawa ya kung'arisha picha, una kovu katikati, na "uwezekano wa saratani ya ini haujaondolewa". Daktari wa kliniki akaniambia nijiandae. Kipimo cha damu cha saratani ya ini, AFP, kilitoka 3, hepatitisi B na C sina, pombe sinywi. Nimemeza tembe za kupanga uzazi kwa miaka tisa. Ndugu zangu wameanza harambee nipelekwe India, na kaka mkubwa anataka kuuza kipande cha shamba letu Murang'a. Je, nina kansa?

Dada yangu, mwambie kaka hati ya shamba aiweke kwanza. Sisemi hivyo kwa kuwa nina hakika huna saratani. Nasema hivyo kwa sababu, kwa uliyoyaandika, hakuna aliyethibitisha kwamba unayo, na vipimo vinavyopaswa kutangulia tiketi ya ndege vinafanyika hapa hapa Nairobi.

Swali langu la kwanza halihusu uvimbe. Linahusu ini ulimoota. Saratani inayoanzia kwenye chembe za ini zenyewe kwa kawaida humea katika ini lililoumizwa kwa miaka mingi na hepatitisi B au C, pombe, mafuta au sumukuvu, mara nyingi mpaka likajaa makovu. Katika ini la namna hiyo, daktari wa picha anaruhusiwa kusema "hii ni saratani" hata bila kuchukua kinyama, mradi uvimbe umefika sentimita 1 na una tabia mbili: unang'aa haraka dawa inapoingia kwa damu ya ateri, kisha unafifia mapema kuliko ini linalouzunguka. Sababu yake iko kwenye njia za damu. Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia mshipa mkubwa unaotoka matumboni, na robo tu kupitia ateri. Saratani hii hujilisha kwa ateri, kwa hiyo dawa huifikia mapema na kuondoka mapema.

Lakini kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya maini yenye makovu au yenye hepatitisi B ya kudumu. Ukiichukua ukaitumia kwa mama wa miaka 36 mwenye ini zima, inapotosha, kwa maana kuna aina kadhaa za uvimbe usio saratani ambazo nazo hulishwa na ateri na hung'aa vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya lolote, ripoti yako ya CT ilisema nini kuhusu ini lililobaki? Je, ni laini na la kawaida, au lina vinundu? Wengu umevimba? Kama ripoti haikugusa hayo, irudishe na uombe yaandikwe. Ni haki yako.

Na sentensi ile iliyokutia hofu, kwamba uwezekano "haujaondolewa", ni namna ya daktari wa picha kusema kipimo hiki hakikutosha kuamua. Aliyeisoma kama hukumu alikuonea.

Tuje kwenye kovu. Kwa mwanamke wa umri wako mwenye ini zima, uvimbe wenye kovu katikati unaonyonya dawa haraka hunifanya nifikirie kwanza kile madaktari wanachokiita FNH, haipaplasia ya kinundu. Hii si saratani na haigeuki kuwa saratani. Ni chembe za kawaida za ini zilizojikusanya na kuongezeka kuzunguka ateri yenye hitilafu. Baada ya hemanjioma, yaani kishada cha mishipa ya damu, ndiyo aina ya uvimbe usio saratani inayopatikana zaidi kwenye ini, na idadi kubwa ya wenye nayo ni wanawake. Ikithibitishwa, haikatwi wala haitibiwi isipokuwa mara chache inapoleta dalili, na hata tembe hulazimiki kuziacha kwa sababu yake.

Wa pili kwenye orodha yangu ni adenoma, na hapa ile miaka tisa ya tembe ina uzito. Mwaka 1973 madaktari nchini Marekani waliandika kuhusu wanawake saba waliokuwa na uvimbe huu wakitumia tembe za uzazi, na tangu hapo uhusiano huo umethibitishwa. Adenoma nayo si saratani, ila si ya kupuuzwa: ikipita sentimita 5 inaweza kupasuka na kuvuja damu tumboni, na baadhi yake, hasa zenye badiliko la jeni iitwayo beta-katenini, zinaweza kugeuka saratani. Mwenye adenoma huacha tembe za homoni, hupunguza uzito kama umezidi, kisha hupigwa picha tena baada ya miezi sita. Nyingi hupungua. Ikibaki kubwa kuliko sentimita 5 ndipo upasuaji huzungumzwa. Kwa mwanamume ni tofauti, adenoma hukatwa bila kujali ukubwa, na vijana wanaojidunga dawa za kutunisha misuli kwenye majimu yetu wanapaswa kulijua hilo.

Wa tatu ni saratani kweli, nami sitakuficha. Inaitwa faibrolamela. Ni adimu, huwapata vijana wenye ini zima, nayo pia huwa na kovu katikati. AFP yake kwa kawaida haipandi, kwa hiyo ile 3 yako ni habari njema lakini haifungi mlango. Ndiyo maana nasema kipimo kinachofuata ni lazima, hata kama moyo wangu unaegemea upande wa FNH.

Kipimo hicho ni MRI ya ini yenye dawa ya mshipani, ipigwe kwa awamu: kabla ya dawa, wakati wa ateri, wakati wa mshipa mkubwa, na dakika kadhaa baadaye. Katika FNH kovu kwa kawaida hung'aa kwenye picha ziitwazo T2, na hunywa dawa polepole likang'aa mwishoni. Kovu la faibrolamela kwa kawaida huwa jeusi kwenye T2, na mara nyingi huwa na vipande vya chokaa ambavyo CT yako ingevionyesha. Muulize daktari wa picha pia kama ana ile dawa inayoingia ndani ya chembe za ini, gadoksetati. FNH ina chembe za ini zilizo hai, hivyo huishika dawa hiyo na kubaki inang'aa kama ini lenyewe au zaidi. Adenoma nyingi huiacha, zikaonekana kama shimo jeusi.

Picha zikikataa kuamua, ndipo sindano, na hapa nazungumza kama mwenye kazi yake. Omba sindano nene inayotoa kinyama kirefu, si ile nyembamba inayofyonza chembe chache. Na umwombe anayechoma achukue pia kipande cha pili kutoka kwenye ini lililo nje ya uvimbe. Watu wengi hawaelewi kwa nini nasisitiza hili. Chembe za FNH, za adenoma na za saratani ambayo haijaacha sana umbo la ini la kawaida zinafanana sana nikizitazama peke yake. Nikiwa na ini la jirani kando, nalinganisha. Naangalia upana wa safu za chembe, kama ule wavu mwembamba unaozishikilia bado upo au umepotea, kama vijifereji vya nyongo vipo. Napaka rangi ya glutamini sinthetesi: kwenye FNH hutoka madoa mapana yaliyoungana kama mchoro wa ramani, na mchoro huo ukiuona wazi hautausahau. Bila ini la jirani najikuta naandika ripoti yenye "huenda" nyingi, na mgonjwa ndiye anayezibeba nyumbani.

Kwa sasa, mpaka jibu lipatikane, zungumza na muuguzi wa kupanga uzazi kuhusu njia isiyo na homoni. Pesa za harambee zilizokwisha kuingia zilipie MRI. Kenyatta, Aga Khan na hospitali nyingine kubwa za rufaa zinazo mashine, na ukiwa na barua ya rufaa omba kesi yako ipelekwe kwenye kikao ambapo daktari wa picha, wa upasuaji, wa ini na wa patholojia hukaa pamoja. Maumivu baada ya kula yanaweza kuwa ya tumbo tu, na hayo yana dawa yake. Usiyasahau kwa sababu ya kivuli.

Mimi ni fundi wa mjengo, naishi Rongai, lakini nimezaliwa na kukulia Turkana. Nina uvimbe mkubwa upande wa kulia chini ya mbavu ambao umekua polepole, pengine miaka mingi. Ultrasaundi inasema ni "uvimbe mchanganyiko, sehemu maji sehemu nyama, saratani inashukiwa". Wiki ijayo wanataka kuingiza sindano wapime. Niende?

Ndugu yangu, kabla ya sindano hiyo piga simu hospitali au uende mwenyewe uwaambie mambo mawili: umekulia Turkana, na kama nyumbani mlikuwa na mbwa na mifugo. Kama hawajakuuliza, hawakuwa na sababu ya kukumbuka ugonjwa ambao mimi ningeufikiria wa kwanza. Ni uvimbe wa tegu wa mbwa, haidatidi.

Tegu huyu mdogo huishi utumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, humfikia mtu kupitia mikono, maji au chakula, kisha kiluwiluwi husafiri kwa damu na mara nyingi hukwama kwenye ini, na kama hapo akipita, kwenye mapafu. Kule hujenga mfuko wa maji unaokua taratibu mno, hata miaka kumi na zaidi bila maumivu. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu za dunia zilizoathirika zaidi, na kuanzia miaka ya 1980 AMREF iliendesha kampeni ya kuudhibiti huko, wakiwapima watu kwa ultrasaundi manyattani na kuwatibu mbwa. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile kwenye jua lile.

Mfuko mchanga ni rahisi kuutambua, kwa kuwa una ukuta wenye tabaka mbili na maji safi ndani, wakati mwingine vifuko vidogo vimejaa ndani ya kikubwa. Shida ni mfuko uliozeeka. Tegu anapokufa utando huporomoka na kujikunja, maji hukauka, kilichobaki huonekana kama nyama iliyovurugika. Hapo ndipo wengi husoma saratani. Daktari wa Tunisia aitwaye Hassen Gharbi alizipanga hatua hizi kwa ultrasaundi mwaka 1981, na mpangilio wa Shirika la Afya Duniani unaotumika leo ulikua kutoka hapo. Anayekupiga picha akiijua historia yako, atatafuta ule utando uliojikunja.

Sindano inayoingizwa kiholela kwenye mfuko ulio hai inaweza kumwaga maji yake tumboni. Mwili unaweza kuyapokea kwa mzio mkali wa kushusha presha ghafla, na mbegu zilizomwagika zinaweza kuota mifuko mingine. Haina maana kwamba sindano hairuhusiwi kamwe. Ipo njia maalumu ya kutibu kwa sindano, inayofanywa na waliofunzwa, mgonjwa akiwa amekwisha kuanza albendazoli na dawa za mzio ziko tayari. Mingine hutibiwa kwa albendazoli peke yake, mingine kwa upasuaji, na iliyokwisha kufa huachwa na kuangaliwa tu. Waombe kipimo cha damu cha haidatidi, ingawa kikitoka hasi hakimalizi shauri, na eksirei ya kifua. Sindano ya wiki ijayo isubiri hayo.

Nina mimba ya miezi minne na nimeambiwa nina hemanjioma ya sentimita 3 kwenye ini. Itapasuka wakati wa kujifungua? — Msomaji, South B

Hapana, mama, kwa ukubwa huo usihofu. Hemanjioma ni kishada cha mishipa ya damu, ndio uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi kwenye ini, na wengi huishi nao mpaka uzee bila kujua. Haizuii mimba wala kujifungua kwa njia ya kawaida. Zinazofuatiliwa kwa karibu wakati wa mimba ni zile kubwa sana. Endelea na kliniki yako.

Dada yangu ana miaka 44. Aliambiwa ana kansa ya ini, akakatwa sehemu ya ini katika hospitali moja hapa mjini. Wiki tatu baadaye maabara ikasema ni "anjiomayolipoma", si kansa. Tumefurahi, lakini pia tumekasirika. Tulidanganywa? Alipasuliwa bure? — Kaka mtu, Kasarani

Kaka, pole kwa hofu mliyopitia, na hasira yenu naielewa. Nitakueleza nilivyoona mimi kwa miaka yangu kwenye kazi hii, kisha mtaamua mtakachouliza.

Anjiomayolipoma ya ini ni adimu sana. Kwenye figo tunaiona, kwenye ini daktari wa upasuaji anaweza kustaafu akiwa amekutana nayo mara chache mno. Imeundwa na vitu vitatu: mishipa ya damu, chembe zinazofanana na misuli laini, na mafuta. Kama mafuta ni mengi, MRI huyaona na jina hutajwa mapema. Lakini kiasi cha mafuta hubadilika mno kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, na kwa wengine ni kidogo hata hayaonekani. Ikiwa hivyo, kinachobaki kwenye picha ni uvimbe uliojaa mishipa unaong'aa wakati wa ateri na mara nyingine kufifia baadaye, tabia zile zile za saratani nilizozieleza kwenye barua ya kwanza. Tena saratani ya ini yenyewe inaweza kuwa na mafuta ndani. Hata wenye uzoefu mkubwa duniani hukosea hapa, na wagonjwa wengi wa uvimbe huu hupata jina lake baada ya kupasuliwa, kama dada yako.

Hata mezani pangu haijitangazi. Chembe zake zikiwa kubwa na za waridi, nikizitazama kwa rangi za kawaida naweza kuzidhania ni chembe za ini zilizoharibika. Kinachoitofautisha ni kupaka rangi mbili ambazo watu huzihusisha na saratani ya ngozi iitwayo melanoma, HMB-45 na Melan-A. Anjiomayolipoma huzipokea, chembe za ini hazizipokei. Maabara isiyofikiria kuzipaka haitazipata. Hao waliosoma kinyama cha dada yako walifikiria, na hilo ni jema walilofanya.

Kwa hiyo sioni udanganyifu. Lakini maswali mawili yana haki ya kuulizwa, kwa upole na kwa maandishi. La kwanza: ini la dada yako lilikuwa zima, bila hepatitisi na bila makovu? Kama lilikuwa zima, je, kuna aliyesimama akasema kwamba kwa mwanamke huyu tufikirie pia vitu visivyo saratani, tuchukue kinyama kwanza? La pili: picha zilijadiliwa na zaidi ya daktari mmoja kabla ya siku ya upasuaji? Pengine walijadili, sindano ikatoa jibu lisiloeleweka, wakaona hatari ya kuacha ni kubwa kuliko hatari ya kukata. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi hata kama matokeo yamekuwa haya. Ila mnapaswa kuelezwa, na familia isiyoelezwa hubaki na kidonda ambacho kisu hakikukileta.

Alipasuliwa bure? Si lazima. Uvimbe huu karibu wote ni mpole, lakini michache, hasa mikubwa yenye chembe za namna ile ya waridi, imewahi kurudi au kusambaa. Kwa sababu hiyo dada apigwe picha ya ini kila mwaka kwa muda ambao daktari wake atapanga. Apigwe pia ultrasaundi ya figo, na aulizwe kama katika ukoo kuna mwenye kifafa tangu utotoni pamoja na vipele vidogo usoni, maana wagonjwa wachache wa anjiomayolipoma huwa na ugonjwa wa kurithi uitwao tuberasi sklerosisi. Na mwisho, vile vipande vya nta ambavyo kinyama huhifadhiwa ndani yake viko maabara. Mkitaka msomaji wa pili, mnaweza kuomba vipande na vioo vyake vipelekwe kwingine. Hatuoni vibaya mtu akiomba. Mimi huwasaidia wenyewe kujaza fomu.

Daktari, nina karakana ya magari Kirinyaga Road, umri miaka 52. Zamani nilipotoa damu niliambiwa nina hepatitisi B, lakini sikuwa naumwa, sikurudi. Mwezi uliopita ultrasaundi imeonyesha kitu cha sentimita 2.5 kwenye ini. Jamaa zangu wanasema vitu hivi vingi si kansa, na mwenye dawa za mitishamba ananiambia atakiyeyusha kwa miezi mitatu. AFP ni ya kawaida. Nisubiri?

Mzee wangu, usisubiri. Yote niliyomwambia yule dada wa Umoja kuhusu ini zima, kwako yanageuka. Wewe una virusi ambavyo vimekaa ndani ya ini kwa miaka bila kutibiwa, na kitu kipya kwenye ini la namna hiyo huhesabiwa kuwa saratani mpaka vipimo viseme vingine. Hata makovu si sharti. Hepatitisi B inaweza kuzaa saratani kwenye ini ambalo bado halijakauka, na katika Afrika tunaiona kwa watu wa umri wa miaka thelathini na arobaini. Tumekula mahindi yenye sumukuvu pia. Mnakumbuka mwaka 2004, Makueni, Kitui na majirani zao, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Hao waliuawa na dozi kubwa kwa muda mfupi. Dozi ndogo za miaka, zikikutana na hepatitisi B, ndizo zinazoandaa saratani.

AFP ya kawaida isikutulize. Saratani ndogo mara nyingi hazipandishi.

Wiki hii, si mwezi ujao, pata CT au MRI ya ini yenye awamu zote nilizozitaja juu. Ultrasaundi imeonyesha kwamba kitu kipo, haiwezi kusema ni nini. Inawezekana ikawa ni kinundu cha ini linalojijenga upya, au hemanjioma ya siku nyingi, nami nitafurahi nawe. Lakini ikiwa ni saratani, sentimita 2.5 ndio ukubwa ambao bado tunaweza kuutibu kwa nia ya kuuondoa kabisa, kwa kuukata au kwa kuuchoma kwa sindano ya joto. Miezi mitatu ya kuyeyusha inaweza kukutoa kwenye hesabu hiyo. Na dawa za mitishamba zisizojulikana zinaweza kuliumiza ini lako zaidi. Nakuomba uziache.

Pamoja na picha, wapime wingi wa virusi kwenye damu, kazi ya ini, na ugumu wake. Tembe za tenofovia za kuvidhibiti virusi zipo nchini, zinamezwa mara moja kwa siku, na zinapunguza hatari hata kwa aliyechelewa. Hata kitu hicho kikitoka salama, utapigwa ultrasaundi kila miezi sita maisha yako yote, usikose hata moja. Kila unapokwenda beba CD ya picha zenyewe, siyo karatasi ya ripoti tu, ili anayefuata alinganishe.

Mkeo na watoto wako nao wapimwe hepatitisi B. Watoto waliozaliwa Kenya tangu mwisho wa 2001 hupewa chanjo yake ndani ya ile ya wiki sita, kumi na kumi na nne. Waliozaliwa kabla ya hapo waanze na kipimo, na watakaokutwa hawana wachanjwe.